KONA YA MWALIMU: Macho Huona, Viungo Hushika



Wazazi wengi huuliza: mtoto amekariri chuoni hatua zote za udhu, na akiulizwa huzitaja bila ya kubabaika, mbona akisimama mbele ya bomba huosha miguu kabla ya kupaka maji kichwani? Jawabu ni kuwa kuujua mfuatano kwa ulimi ni jambo moja, na kuujua kwa viungo ni jambo jingine.

Mwaka 1987 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Mary Jo Nissen na Peter Bullemer, walichapisha jaribio mashuhuri. Mtu aliketi mbele ya kompyuta. Alama ikitokea katika mojawapo ya mahali pane, akabonyeza kitufe kilicho chini yake. Bila ya yeye kuambiwa, alama zilifuata mpango wa hatua 10 uliorudiwa tena na tena. Kadiri alivyoendelea, vidole vilizidi wepesi. La ajabu zaidi, hata wagonjwa waliopotewa na uwezo wa kukumbuka mambo mapya walizidi wepesi, ilhali hawakutambua kuwa pana mpango wowote.

Je, kutazama tu kwatosha? Mwaka 1992 watafiti wengine walionyesha kwamba waliotazama bila ya kubonyeza nao walijifunza. Lakini mwaka 1999 Daniel Willingham alibainisha kuwa waliofaidika kwa kutazama ni wale waliougundua mpango wenyewe. Basi mkono waweza kujifunza kimyakimya. Jicho huhitaji kuzinduliwa.

Tuyapime hayo na hali yetu. Kwetu mtoto aliwaona wakubwa wakitawadha penye birika la msikiti kila siku, naye akatawadha pamoja nao. Huku ughaibuni tunatawadha bafuni, na mlango umefungwa. Mtoto hubakiwa na maneno ya kitabu tu.

Basi tuufungue mlango huo. Msimamishe mwanao ubavuni pako, si mbele yako, maana akikuelekea mkono wako wa kulia huwa upande wa kushoto wake. Mzindue kwa kumwuliza: "Sasa yafuata nini?" Kisha mwache atende mwenyewe, kwa mpangilio ule ule, siku baada ya siku. Akikosea, msahihishe papo hapo kwa upole, kwani viungo havichagui: hushika kosa kama vinavyoshika sawa. Nasi wengi wetu ni wafuasi wa Imam Shafi, ambaye kwake tartibu ni miongoni mwa fardhi za udhu.

Lakini tusisahau kuwa viungo hushika mfuatano, havishiki maana. Nia na sababu ya ibada vyataka mazungumzo ya mzazi na mwana. Yote mawili ni amana yetu.

Wabillahi tawfiq.