Mkopo wa kila wiki kwa zao la miezi mitatu waumiza vijana

Afya ya akili ya vijana wa miaka 20 hadi 29 haizungumzwi katika vikao vya wakulima, ingawa hao ndio nguvu kazi inayotegemewa shambani na sokoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa sonona na wasiwasi uliopitiliza hupoteza siku za kazi bilioni 12 duniani kila mwaka. Kwa kijana asiye na mshahara, siku hizo ni palizi iliyochelewa na genge lisilofunguliwa.

Chanzo kimojawapo kimo kwenye daftari la hesabu. Nyanya zinazolimwa Ilula, mkoani Iringa, huchukua takriban miezi mitatu tangu miche kupandikizwa shambani. Kijana akikopa kwa marejesho ya kila wiki, deni huanza kudaiwa kabla mche haujatoa ua. Hulazimika kukopa kwingine ili alipe. Siku ya kuvuna, soko likiwa limejaa, bei ya tenga huporomoka.

Baada ya deni hufuata aibu. Wapo wakopeshaji wa kwenye simu waliozoea kuwatumia ujumbe ndugu na marafiki wa mdaiwa. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila leseni. Hata hivyo, mikopo ya mtaani ya "kausha damu" bado ipo. Mdaiwa hukosa usingizi, huzima simu na kuacha shamba. Jirani humwita mvivu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini mgonjwa halimi, na asiyelima hana cha kulipa. Hivyo SACCOS na vikoba vinavyokopesha wakulima havina budi kupanga marejesho yafuate mavuno. Halmashauri nazo, ambazo hutenga asilimia 4 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vijana isiyo na riba, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, zizingatie kalenda ya zao.

Nyumbani, kijana anayekosa usingizi na hamu ya kazi kwa wiki mbili apelekwe kituo cha afya, kama anavyopelekwa mwenye malaria. Dawa za kuulia wadudu zifungiwe kwa kufuli. Mdai akumbuke kuwa mteja mzima hulipa msimu ujao.