Moshi Umehama Boma Tu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Nashika kalamu hii nikiwa na jambo linalonikereketa rohoni tangu muhula wa pili. Wale mliohudhuria mjadala wa chama chetu mnakumbuka hoja ilikuwa hii: "Magari ya umeme ndiyo dawa ya mazingira yetu." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilipewa dakika nne, kengele ikalia kabla sijafika hata katikati, kura zikapigwa, tukashindwa vibaya sana. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nilikubali. Lakini wiki mbili baadaye hoja ile ile ilinifuata nyumbani, na safari hii hapakuwa na mtu wa kupiga makofi.

Kaka yangu mkubwa anaendesha bodaboda hapa Takaba. Bei ya mafuta imemchosha. Mnakumbuka Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 210 kwa lita hata kule Nairobi, sembuse huku kwetu ambako kila tone hubebwa safari ndefu, na mvua ikinyesha malori hukwama njiani kwa siku kadhaa. Basi kaka akaona kwenye simu pikipiki za stima za Nairobi. Akamwambia mama tuuze ngamia wawili, anunue moja. "Haili petroli, haina moshi, na serikali yenyewe inaitaka," akasema. Mama akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma. Haya anayosema kaka yako ni kweli?"

Wenzangu, jasho lilinitoka. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulituachia ngamia watano tu. Jibu la mjadala halikutosha tena. Ilibidi nitafute jibu ambalo mtu anaweza kuuzia ngamia.

Kwanza niwe mkweli, kwa maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Upande wa kuunga mkono haukusema uongo. Gari la umeme halina ekzosi, na mota yake haipotezi nguvu ovyo kama injini ya mafuta. Tena nchi yetu imebarikiwa: karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi ya taifa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Ziwa Turkana na jua. Kwa hivyo basi la umeme linalobeba abiria Nairobi, kama yale yaliyoanza kuonekana huko mwaka 2022, kweli linapunguza moshi mjini. Kama ningekuwa naishi Nairobi, labda ningepiga kura pamoja nanyi.

Lakini je, sisi tunaishi Nairobi?

Hapa ndipo shaka yangu ya kwanza inapoanzia. Umeme wa Takaba hautoki Olkaria. Nyaya za gridi ya taifa hazijatufikia. Stima yetu inatoka kwenye kituo chetu wenyewe, na kazi kubwa pale inafanywa na jenereta za dizeli. Dizeli hiyo nayo huja kwa lori, lori ambalo linakunywa dizeli njia nzima. Sasa mtu akichomeka pikipiki yake ukutani na kusema haina moshi, hebu atembee hadi kituoni asikilize jenereta inavyonguruma. Moshi haujakufa. Umehama boma tu.

Tupige hesabu kidogo, kama tulivyofundishwa katika Fizikia kwamba nishati haiundwi bali hubadilishwa umbo. Jenereta ya dizeli hugeuza kama thuluthi moja tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta kuwa umeme. Iliyobaki inapotea kama joto. Umeme huo ukipita kwenye nyaya, chaja, betri na mota, nyingine inapotea njiani, na inayofika kwenye gurudumu ni kama robo ya ile ya mwanzo. Injini ndogo ya petroli nayo hufikisha kati ya sehemu moja ya tano na robo. Ebo! Kumbe tofauti yenyewe ni ndogo hivyo? Mpaka hapo hatujasema lolote kuhusu bei ya pikipiki yenyewe.

Shaka yangu ya pili ni betri. Betri haioti kama mgunga. Madini yake yanachimbwa mahali, na mahali hapo pana watu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na mji wa Kolwezi umezungukwa na mashimo ambamo watu huchimba kwa mikono, na watoto wameonekana humo. Haki itendeke: siku hizi ziko betri nyingi zisizotumia kobalti kabisa, hasa zitengenezwazo Uchina. Lakini hizo nazo zinahitaji lithiamu, na viwanda vya kuzitengeneza vinakula nishati nyingi. Kwa hiyo gari la umeme huzaliwa na deni la moshi kubwa kuliko gari la petroli. Deni hilo hulipwa kidogo kidogo kwa kila kilomita. Pale umeme ulipo safi, linalipwa upesi na faida inabaki. Pale umeme utokapo kwenye dizeli, mdaiwa anaweza kuzeeka kabla hajamaliza kulipa.

Na betri ikifa je? Waliosoma habari za Mombasa wanakijua kijiji cha Owino Uhuru. Kiwanda kilijengwa pale cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Sumu ikaingia hewani, majini na katika damu ya watoto. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kuvutwa hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Betri zile zilikuwa za risasi, si za lithiamu, sitaki kuchanganya mambo. Ninachosema ni kwamba nchi iliyoshindwa kuwalinda watu wake dhidi ya betri ndogo za kuwashia injini isiambiwe haraka haraka kwamba betri kubwa kubwa ni usafi mtupu. Hapa kwetu nenda nyuma ya nyumba yoyote yenye sola. Utaona betri zilizokufa zimetupwa chini, mbuzi wanazirukaruka. Hakuna anayekuja kuzichukua. Na joto la huku, ambalo sote tunalijua, huzeesha betri za lithiamu upesi kuliko baridi ya Limuru.

Shaka ya tatu ni hii: dawa hii ni ya ugonjwa wa nani? Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya kaboni ya dunia. Mzee wa kijiji kimoja nje ya Takaba, ambaye maisha yake yote amepanda ngamia na lori la kubahatisha, hakuharibu anga la mtu. Lakini ukame ulipokuja, misimu mitano ya mvua ikapita patupu mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2 wakafa nchini, na yeye akawa wa kwanza kulia. Sasa tumwambie dawa ni gari ambalo hawezi kulinunua? Hasha! Mazingira yetu sisi ni maji. Ni miti inayokatwa kuchomwa makaa. Ni malambo yanayojaa mchanga. Ni mifuko ya plastiki ambayo bado inakwama kwenye miiba ingawa ilipigwa marufuku Agosti 2017.

Najua nitajibiwa. Msemaji mkuu wa upande wa pili aliniambia baada ya mjadala, "Tazama jirani zetu Ethiopia. Mwaka 2024 walipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, nchi ya kwanza duniani. Wao ni wajinga?" Hapana, si wajinga hata kidogo. Lakini tazama vizuri. Ethiopia karibu umeme wake wote ni wa maji, na Septemba 2025 wamezindua bwawa kubwa la Mto Nile. Tena walikuwa wanamaliza fedha za kigeni kwa kununua mafuta. Wao walianza na umeme, ndipo wakaja kwenye gari. Sisi tunataka kumtia punda nyuma ya mkokoteni.

Atanijibu pia kwamba tukingoja kila kitu kiwe sawa tutangoja milele. Hapo ananibana, nakiri. Lakini mimi sisemi tungoje. Nasema tuanze mahali pengine. Jua letu linawaka mwaka mzima. Desemba 2019 mtambo wa sola wa Garissa, wa takriban megawati 50, ulizinduliwa, na umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Yaani jua la Kaskazini Mashariki linawasha taa za watu wengine ilhali jenereta yetu inanguruma. Kama zipo fedha za kusaidia mazingira, ziwekwe kwanza kwenye paneli za kituo chetu, kwenye pampu za visima, kwenye zahanati ambako chanjo zinahitaji friji isiyozimika, na hapa shuleni ili tusome usiku. Siku ambayo stima ya Takaba itatoka juani, basi pikipiki ya umeme itakuwa haina moshi kweli, na mimi nitakuwa wa kwanza kuipanda nyuma.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama, ingawa kwa maneno machache zaidi. Nikamwambia kaka anasema kweli ya Nairobi, wala si ya Takaba. Nikamwonyesha kwamba betri moja kwa kawaida haifiki kilomita 100, na kwamba kule Nairobi mtu hubadilisha betri kituoni kwa dakika chache, huku kwetu kituo hicho hakipo, na fundi wake pia hayupo. Ngamia hawakuuzwa.

Kaka hakufurahi. Jioni ile aliniambia, "Wewe unasoma kwa karo ya petroli hii hii." Ni kweli, na maneno hayo yaliniuma kwa sababu sikuwa na jibu. Bado anaamka alfajiri, bado ananunua lita mbili kwa bei ya kuumiza, na mimi sikumpa njia nyingine. Kukataa ni rahisi. Kwa sababu hiyo naomba chama chetu mwaka ujao kijadili hoja nyingine: "Takaba ipate umeme wa jua kabla ya gari la umeme." Tuwaalike wazee, wenye bodaboda na mafundi wa kituo. Nami naomba nipewe dakika zaidi ya nne.

Haraka haraka haina baraka, wenzangu. Asiyekubaliana nami, kalamu iko mezani.