Zawadi za bethdei zipimwe kwa mtoto mdogo kuliko wote

SAFU YA MALEZI
Na Rehema Mbwana

Katiza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Jumamosi asubuhi, utawakuta akina mama wakinunua vitu vya bethdei kwa dazeni: firimbi za plastiki, pete za kuwaka taa, vimpira vya kudunda, maputo, pipi kijiti. Vyote vitaingia kwenye vifuko vyenye picha ya mtoto, na jioni keki ikishaliwa, kila mtoto ataondoka na chake. Desturi yenyewe naiunga mkono. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Ukimtembelea bibi, hata kama hana kitu atakufungashia maandazi. Mtoto naye ni mgeni, ana haki ya kufungashiwa.

Ninachokipinga ni namna tunavyochagua. Tunawachagulia wazazi wenzetu. Kifuko kinajazwa kionekane kizito, kipendeze kwenye stetasi, kisizidiwe na kile kilichotoka kwa jirani mwezi uliopita. Anayesahaulika ni atakayekifungua: mtoto wa miaka 3, ameketi sakafuni, na pembeni yake yuko mdogo wake wa miezi 10 anayetia mdomoni kila anachokiokota.

Bethdei zetu hazina watoto wa rika moja. Unaalika wa chekechea, wanakuja na kaka, binamu na kichanga mgongoni. Kwa hiyo kila kinachoingia kwenye kifuko kipimwe kwa mtoto mdogo kuliko wote atakayekigusa, hapo kwenye sherehe au huko kitakakopelekwa.

Tazama ile pete ya taa. Fungua sehemu ya nyuma, mara nyingi kwa ukucha tu, utakuta vibetri bapa vinavyong'aa kama sarafu mpya. Mtoto akimeza kimoja kikanasa kwenye njia ya chakula, umeme wake huanza kuunguza nyama, na ndani ya saa 2 jeraha linaweza kuwa kubwa la kuhatarisha maisha. Pengine hata halii. Anatokwa na udenda, anakataa chakula, na wewe unadhani keki imemkinaisha. Ukihisi amemeza betri, usimtapishe, wala usisubiri kupambazuke. Mkimbize kwenye hospitali yenye eksirei.

Puto nalo tumelizoea mno. Likipasuka, mtoto huokota kipande akakinyonya au kukitafuna. Kikivutwa ndani kinaganda juu ya njia ya hewa, na kukitoa kwa kidole ni shida kwa sababu kinateleza. Marekani walitunga sheria mwaka 1994 inayotaka pakiti za maputo ziwe na onyo kuhusu watoto walio chini ya miaka 8. Maputo yapambe ukuta, na sherehe ikiisha mtu mzima aokote vipande vyote. Kwenye kifuko yasiingie. Karanga nzima, ubuyu wenye kokwa, pipi ngumu na jojo navyo si vya mtoto aliye chini ya miaka 5.

Kipimo cha nyumbani ni kile kiini cha karatasi ya chooni. Kitu kinachopenya humo, mtoto aliye chini ya miaka 3 asipewe.

Basi tuwape nini? Kitu kimoja kizuri kinatosha. Kitabu chembamba cha picha, cha Kiswahili. Kalamu nene za rangi na daftari. Mpira mkubwa wa kuchezea uani. Kikombe cha uji kisichovunjika, chenye jina la mtoto. Ukipiga hesabu ya vile vikorokoro vinavyovunjika kabla ya Jumatatu, unaweza kukuta hujaongeza gharama. Kifuko chenyewe mpe fundi cherehani akushonee kwa vipande vya kitenge vilivyobaki, na kamba yake iwe fupi, isiweze kuzunguka shingo.

Fungasha vya ziada, na vyote vifanane. Kuna mtoto wa jirani ambaye hukumwalika lakini amesikia muziki na amesimama getini. Kuna mtoto wa dada anayekusaidia kazi. Kumpa huyu kifuko kinono na yule pipi moja ni kuwafundisha mapema nani ana thamani na nani hana, na watoto wanaliona hilo upesi kuliko tunavyodhani. Wanaopeleka vifuko vya kifahari darasani nao wamfikirie mzazi ambaye bethdei ya mwanawe ni wiki ijayo na mshahara bado haujatoka.

Mzazi mwenye sherehe wikiendi hii, kabla hujafunga vifuko vimwage mkekani, ukague kimoja kimoja. Nanyi mnaoagiza mizigo China, tuleteeni vitu vya watoto ambavyo mahali pa betri pamefungwa kwa skrubu. Shirika la Viwango (TBS) nao wapite madukani, wavikague vidude hivi vya taa kabla mtoto hajavimeza.