Mizani ya Dhahabu Ianzie Kwenye Jiwe

Uislamu umelisisitiza mno suala la kipimo. Kaumu ya Nabii Shuayb (AS) iliangamizwa, na miongoni mwa madhambi yao ni kupunja mizani. Na katika Qur'ani Tukufu imo sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjao. Si ajabu basi kuizungumzia leo mbale ya dhahabu, yaani jiwe lenye madini ndani yake.

Mkoa wetu si mgeni wa madini haya. Sekenke, wilayani Iramba, Wajerumani walianza kuchimba mwaka 1909. Mwaka 2023 mgodi wa Shanta, wilayani Ikungi, ulitoa dhahabu yake ya kwanza. Na tangu mwaka 2019 nchi ina masoko ya madini, na hapa Singida Mjini tunalo. Humo dhahabu hupimwa uzito na usafi, mrabaha hukatwa, na muuzaji huondoka na stakabadhi. Hilo tunalipongeza.

Lakini mizani ya sokoni hupima dhahabu iliyokwisha kupatikana. Jiwe lenyewe nani alilipima? Mbale yenye gramu 5 kwa tani ni mbale nzuri, nayo ni sehemu 5 tu katika sehemu milioni. Jicho litaona nini hapo? Mgodi mkubwa hutoboa mashimo, hupeleka sampuli maabara, ndipo hutenga rundo la mbale nono, la mbale hafifu na la mawe ya kutupwa. Mchimbaji mdogo hutwanga vipande vichache, huviosha kwenye karai, akaamua. Baada ya karasha na zebaki, marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa, mahali pengi huachiwa mwenye karasha. Zebaki haikamati dhahabu yote; mara nyingi inayobaki mchangani huzidi iliyopatikana, na atakayeinufaika ni mwenye matangi ya sayanaidi. Riziki ya watoto imekwenda, wala hapana aliyeonekana akiiba.

Swahaba Fadhala bin Ubayd (RA) alinunua huko Khaybar kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenganisha, akakuta dhahabu yake inazidi dinari 12. Mtume (SAW) akakataza kidani cha namna hiyo kuuzwa mpaka kitenganishwe. Wanazuoni huitaja Hadithi hii katika mlango wa riba, na sisi si mamufti wa kutoa fatwa juu ya marudio. Hata hivyo, hatujaona mfano ulio karibu zaidi na kadhia yetu.

Njia ipo, wala si ngumu. Sampuli ichukuliwe mbele ya pande zote, kutoka pande nyingi za rundo, si lile jiwe linalong'aa (hilo ndilo hupendwa kuonyeshwa wanunuzi). Isagwe, ichanganywe, igawanywe mafungu manne, yabakizwe mawili yanayokabiliana. Irudiwe hivyo mpaka ibaki kidogo, na kila upande upate mfuko wake uliofungwa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina maabara Dodoma, mwendo wa saa chache kwa basi. Gharama ipo, hatukatai, lakini wenye shimo moja wakichangiana itabebeka. Nayo Tume ya Madini tunaiomba iisogeze huduma ya kupima mbale karibu na wachimbaji, na majibu yasomwe mbele ya wote kabla mtu hajataja bei ya marudio.