Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nilipokuwa Kisumu nilifungua, nikaingia.

Ilikuwa saa nane za mchana, katika skuli moja ya msingi ya serikali kando ya Ziwa. Kwa nje, viambaza vimepakwa rangi. Kwa ndani, mabati matupu bila ya dari, na watoto wamelowa jasho. Mara ikashuka mvua. Mwalimu akapaza sauti, akashindwa na mabati, akaiweka chaki chini. Somo likaishia hapo.

Si kwamba kanuni hatuna. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa skuli: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasitiwe vyuma, na chumba cha mita 7.5 kwa 5.85 kisizidi watoto 40, wawili kwa kila dawati. Maneno mazuri. Lakini tangu elimu ya bure ya mwaka 2003 watoto wamejaa, na kanuni isiyofuatwa na fedha ni hirizi ya karatasi.

Tena Kisumu ina yake. Mwaka 2020 Ziwa lilifura, maji yakaingia hadi madarasani huko Nyando. Anayejenga uwanda ule bila ya kuinua msingi, anawajengea samaki.

Wazee wetu wa Pwani walilijua joto: kuta nene za mawe, dari ya juu, ua wa kupitisha upepo. Mjaluo naye alikuwa na paa lake la nyasi, na ndani baridi. Sisemi turudi kwenye nyasi na makuti. Nasema mabati yatiwe dari. Madirisha yatazame kaskazini na kusini, maana Kisumu i karibu na Ikweta na jua hupiga mashariki na magharibi. Mvua ikingwe kwa mifereji hadi tangini, watoto wapate maji ya kunawa. Na miti ipandwe. Mimi mwenyewe chuoni nilihitimu juzuu zangu chini ya mwarobaini, wala sikusinzia.

Nina ombi moja kwa wakubwa. Kabla ya kukata utepe, mheshimiwa na aketi darasani saa nane za mchana, mlango umefungwa, kwa muda wa somo moja. Akitoka mkavu, na aifungue skuli. Akitoka amelowa, na amwite fundi.