Tusishangilie Nguzo Tukasahau Swichi Kuu

Kupeleka umeme vijijini ni kazi ya ukombozi, na hakuna mzalendo anayeweza kuibeza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaja nguvu ya umeme miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa mikononi mwa umma. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha. Mwaka huo huo Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034.

Lakini tuulizane, ndugu watumishi na walimu: umeme huo ukishafika mlangoni, unapokewa na nini? Hapa Makanya, kama kwingineko, ziko nyumba ambazo nyaya zake zilifungwa kwa ajili ya taa chache na redio. Taa tano za wati 10, kwa umeme wa volti 230, hazifikishi hata robo ya ampea. Leo katika nyumba ile ile tunaingiza jiko la wati 2,000, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000. Vikiwashwa pamoja, vinadai karibu ampea 22. Na kila mwalimu wa fizikia anajua kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne.

Swichi inapokata, mwenye nyumba huilaumu swichi. Humwita kishoka, naye huchomoa breka ya ampea 10 na kuweka ya 32, huku akiuacha ukutani waya ule ule wa milimita za mraba 1.5. Huo si ukarabati. Ni kumlevya mlinzi ili mwizi apite. Breka haikuwekwa kulinda jiko, bali kulinda waya. Ukiiongeza breka bila kubadili waya, waya wenyewe ndio utakaoungua, na pengine paa pamoja nao.

Liko na jambo la ardhi yetu. Makanya iko upande wa Milima ya Upare unaonyimwa mvua, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Chuma cha ethi kilichopigwa nyundo mbili tatu juu juu ni pambo tu. Kinapaswa kushuka hadi penye unyevu, kipimwe kwa chombo, na katika swichi kuu kiwepo kifaa kinachokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30. Bila hayo, bati la jiko linaweza kumuua mama aliyesimama peku akipikia wanawe.

Wako watakaosema kwamba mnyonge hana fedha za kufanya hayo yote. Kwa mnyonge, hoja hiyo ni ya kweli, na Halmashauri haina budi kumsaidia. Lakini sisi tunaopokea mshahara, tunaokopa ili kununua runinga na jokofu, tunajificha nyuma ya mnyonge kwa haki gani? Hiyo ni kasumba ya kupenda kinachoonekana sebuleni na kudharau kilichofichwa ukutani.

Kwa hiyo yafanyike haya. Anayeongeza matumizi aombe kwanza TANESCO ipime kama njia yake inatosha. Kazi ya ndani apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na majina ya mafundi hao yabandikwe katika ofisi za kata ili wananchi wawatambue vishoka. Ukaguzi uanzie katika nyumba za walimu na zahanati, kwani kiongozi huonyesha njia kwa kutangulia.

Taifa limejenga bwawa. Haifai tushindwe na kisanduku kimoja ukutani.