Kama Sindano Imedungwa, Bili Iseme

Wasee, leo siongelei simu wala mpira. Naongelea bili ya hospitali, haswa ule mstari wa "dawa na vifaa" wenye hela nyingi na maelezo sufuri. Kama dawa yenyewe ilikuwa ya kuzuia damu, mstari huo unaficha mambo mazito.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Kati ya kazi za mtandaoni nilizojifunza nikiwa kwa bedsita yangu ni kuweka misimbo kwenye bili za matibabu za Marekani. Huko sindano kama hizi zina namba zake. Chukua NovoSeven, dawa inayotumiwa na baadhi ya watu wenye hemofilia, wale ambao damu yao haigandi inavyofaa. Namba yake ni J7189, na kipimo kimoja cha malipo ni mikrogramu 1. Kwa hivyo kichupa cha miligramu 1 ni vipimo 1,000. Ukiandika 1 ukidhani unahesabu vichupa, hospitali inalipwa sehemu moja ya elfu. Ukiongeza sufuri moja, mtu analipishwa dawa ambayo haikuingia mwilini mwake.

Na kama kichupa cha matumizi ya mara moja kimebaki na dawa ikamwagwa, bima ya serikali yao, Medicare, inataka uandike alama ya JW na kiasi kilichomwagwa. Tangu Julai 2023, hata kama hakuna kilichobaki, lazima useme hivyo kwa alama ya JZ.

Sisemi tuige Marekani. Bei za dawa huko zinatisha. Lakini bili yao inajibu maswali matatu: dawa gani, kiasi gani, na ngapi imetupwa.

Sasa tuangalie kwetu, kwa wadi ya kina mama. Tangu Oktoba 2024 tuko SHA, na malipo ya kujifungua yamewekwa kwa jumla: 10,000 kwa njia ya kawaida, 30,000 kwa upasuaji. Mimi naunga mkono malipo ya jumla. Mama hafai kuhesabiwa glavu moja moja. Shida ni kwamba jumla haisemi ndani kulikuwa na nini. Mama aliyevuja damu akadungwa dawa, na yule aliyevuja damu dawa ikakosekana, karatasi zao zinaweza kufanana kabisa.

Na dawa yenyewe ipo. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Utafiti uliohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Kenya ikiwemo, ulichapishwa 2017. Ulionyesha inapunguza vifo vya kuvuja damu baada ya kujifungua, haswa ikitolewa ndani ya saa 3. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1 kwa mshipa, polepole. Kila dakika 15 za kuchelewa hula karibu asilimia 10 ya faida yake.

Hesabu basi zile dakika ambazo mume au dada anapewa kikaratasi: "Kimbia kemisti, lete hii." Anapiga foleni, anatafuta pesa kwa simu, anarudi mbio. Risiti ya kemisti inabaki mfukoni mwake. Kwa vitabu vya hospitali, uhaba huo haukutokea, kwa hivyo hakuna wa kuulizwa mbona dawa haikuwa kwa shelfu.

Najua nesi mmoja akiangalia wodi nzima atasema nampa kazi ya ziada. Lakini jina la dawa, kiasi na saa ya kudungwa tayari vinafaa kuwa kwa faili la mgonjwa. Kuvinakili kwa bili ni mstari mmoja, hata kama mgonjwa halipi ndururu. Na kama familia ndiyo ilinunua, hilo pia liandikwe. Hapo ndipo kaunti na SHA wataona kwa macho yao ni hospitali gani inakosa dawa na mara ngapi.

Wewe nawe, usianze kubishana na nesi wakati mtu anavuja damu. Matibabu kwanza. Lakini siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kabla hujatoka getini, uliza kwa heshima: "Alidungwa nini, kiasi gani, saa ngapi?" Waandike, upige picha, uweke. Mimba ijayo daktari atahitaji kujua hayo.